Mita Nne za Kwenda kwa Marieta

Siku ambayo halmashauri ilikuja kupima njia ya kuingilia nyumbani kwa Marieta, kitongoji kizima kilitoka, hata wale waliokuwa wagonjwa tangu Pasaka. Walijipanga ukingoni mwa barabara na makoti yao, maana baridi ya kata yetu ya Daudi haina adabu; ikikukuta umesimama inakuvua hata kofia. Kitunguu saumu kilikuwa kinakaribia kukomaa mashambani. Harufu yake mwezi huo husafiri mbali. Mtu wa kijiji cha Masieda akila ugali mkavu huku kageuzia uso upande wa Daudi, anashiba na mboga.

Atakayekuambia kwamba watu wale walifuata njia anakudanganya. Njia wameziona tangu wazaliwe. Walikuja kumtazama Hermani, wajue siku hiyo atasimama upande gani.

Marieta alilijua hilo. Alisimama karibu na pikapu yake, mikono mifukoni, akitazama mtaro wa barabara kama anayemtazama ng'ombe wa mtu mwingine. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, afisa mifugo wa kata, mtoto wa wafugaji wa Gehandu kule bondeni Hanang. Kwa miaka mitatu yeye na Hermani walipendana, na hapakuwa na jani la saumu ambalo halikuwa na habari. Ila siku Hermani alipomweleza mama yake kwamba anataka kuoa, mama yule, Fausta kwa jina la ubatizo, alijibu neno moja.

"Wafugaji hawakai. Leo wako hapa, kesho wamefuata nyasi. Utabaki na sufuria."

Hermani akarudi kwa Marieta, akamwambia, "Tusubiri kidogo, mama atalainika."

Marieta hakubishana. Alinunua kiwanja kilichopakana na shamba la Mama Hermani, akachimba msingi wa kimo cha mtu, akajenga kwa matofali ya kuchoma na kuezeka bati jekundu linaloonekana hata na mwenye mtoto wa jicho. Kama tatizo lilikuwa kukaa, basi alikuwa amekaa.

Kilichobaki ni njia. Kati ya nyumba na barabara palikuwa na mtaro mkubwa, na bila kibali cha halmashauri hakuna ruhusa ya kuuvuka kwa gari. Kwa miezi minne pikapu ililala barabarani, mbuzi wa kitongoji wakaigeuza jukwaa. Ombi likapelekwa. Ofisi ikawaandikia majirani, kama kuna mwenye pingamizi aseme. Likaja pingamizi moja: njia hiyo itamwaga maji kwenye saumu ya Mama Hermani. Chini palikuwa na dole gumba la mama, na chini ya dole gumba palikuwa na saini ya mwanawe.

Marieta aliisoma barua hiyo kwenye kaunta ya ofisi mara mbili, akairudisha kama anavyorudisha mtu sahani ya jirani. Jioni ile akaandika barua ya kuomba uhamisho wa kurudi Hanang. Ilikuwa ndani ya mkoba wake asubuhi hii. Kibali kikikataliwa leo, nyumba itauzwa na barua itaondoka. Hivyo tu, bila kelele.

Hermani alishuka kutoka kwao, akapita katikati ya macho ya watu, akasimama hatua tatu kutoka kwake.

"Habari ya asubuhi, Marieta."

"Salama. Umekuja kama nani?"

"Kama jirani."

"Majirani wamesimama kule."

Hermani hakuondoka. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mabega ya jembe na macho ya kuomba radhi, na macho hayo ndiyo yaliyokuwa yakimchosha Marieta.

"Ile saini..." alianza.

"Nimeiona. Una mwandiko mzuri."

"Mama alilia siku mbili."

"Mimi nilijenga miezi kumi na minne. Kila mtu na kazi yake."

"Marieta, nitazame basi."

Akamtazama. Alimtazama vizuri, kuanzia kofia mpaka mabuti, asiruke kitu, halafu akarudisha macho mtaroni. Hermani akaona ni heri asingeomba.

Gari la halmashauri likafika. Akashuka Gerald, fundi sanifu wa barabara, kijana mwenye miwani na futi kamba begani, na nyuma yake mtendaji wa kijiji, Jenifa, aliyekuwa na wiki ya tatu tu tangu ahamie. Wote wawili hawakujua la mbele wala la nyuma, na hiyo ndiyo raha ya mgeni.

"Shikamoo mama," Gerald alimwambia Mama Hermani, aliyekuwa ameketi juu ya kigoda chake pembezoni mwa shamba, shuka begani, fimbo mapajani.

"Marahaba. Umekula?"

"Bado, mama."

"Ndiyo maana umekubali kuja kupima vitu vya ovyo."

Watu wakacheka. Mzee Margwe, mjumbe wa kamati ya ardhi, ambaye meno yake yalibaki matatu na yote yalikuwa yakimsaidia kucheka, akacheka kuliko wote.

Kazi ikaanza. Gerald alisoma pingamizi, akaukagua mtaro, akapiga magoti akachungulia mteremko kama anayetafuta sindano. "Hoja ya maji haina nguvu," akasema. "Akiweka karavati la upana unaotakiwa, maji yatapita chini na kuendelea na safari yao. Saumu haitaguswa."

Mnong'ono ukapita kingoni. Marieta hakutikisika.

"Ila," Gerald akaendelea, akivuta futi kamba, "hapa ulipoweka vigingi, dada, ni karibu mno na kona. Gari likitokea huku halikuoni. Sogea huku chini." Akahesabu hatua, akapita kichaka cha miiba, akasimama mbele ya tuta la mawe lililoota majani. "Hapa. Mita nne za upana, kuanzia jiwe hili. Hapa nakupa kibali hata leo."

Marieta alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Mama Hermani alikuwa amesimama, na kigoda kimeanguka.

"Usikanyage! Hilo ni kaburi!"

Gerald aliruka pembeni kama kakanyaga kaa la moto.

"Kaburi la nani, mama?"

"La mama mkwe wangu!"

Kitongoji kikanyamaza. Ulikuwa ukimya wa watu waliobana kitu shingoni, maana kila aliyesimama pale, ukiwatoa Gerald na Jenifa, alimjua marehemu. Alikuwa ng'ombe.

Marieta ndiye aliyemjua kuliko wote. Miaka mitatu nyuma ng'ombe wa Mama Hermani, mwenye mimba, alianguka hapo hapo kando ya barabara akitoka malishoni, damu nyeusi ikamtoka puani. Wanakijiji walikwisha kufika na visu na sufuria, na mwingine, wanasema, alikuja na kitunguu kimekatwa tayari. Ndipo afisa mifugo mpya akashuka kwenye pikipiki, akatazama damu ile, akasema hiki ni kimeta, hakuna anayeonja. Mama Hermani alimwita kila jina. Afisa akamwaga chokaa juu ya mzoga, akaomba mtu mmoja wa kumsaidia kuchimba. Akajitokeza mmoja. Walichimba kuanzia saa nne mpaka jua likapinda, bila kusimama, na shimo lilipofika kifuani yule mtu aliuliza, "Dada, jina lako nani?" Hivyo ndivyo Hermani alivyompata Marieta, na hivyo ndivyo Mama Hermani alivyoanza kumchukia: kwa nyama ambayo hakuila.

Sasa Marieta alisimama akipima jambo hilo kichwani. Uongo ukikubaliwa, njia haipo, na Hermani, aliyesaini barua, atakuwa amesaini na kaburi la uongo. Ukweli ukisemwa, njia pia haipo, kwa sababu shimo la kimeta halifukuliwi, na mwenye wajibu wa kulizuia ni yeye mwenyewe. Kwa vyovyote mita nne zile zilikuwa zimekufa. Kilichobaki kujulikana ni kimoja, nacho kilikuwa kimesimama pale na kofia mkononi. Akafunga mdomo. Akangoja.

Gerald alitoa daftari. "Makaburi ndani ya hifadhi ya barabara lazima yaandikwe. Kuna shahidi?"

"Mimi nilikuwepo," alisema Mzee Margwe, na pua yake ikacheza.

"Marehemu alifariki kwa nini, mzee?"

"Ghafla. Alianguka hapa hapa."

"Aliacha watoto?"

"Watano. Na mmoja tumboni."

"Pole sana. Na waombolezaji?"

"Weee! Wengi. Wengine walikuja na sufuria kabisa."

Mama mmoja kingoni alijifunika kanga usoni, mabega yakitetemeka. Jenifa akamshika mkono, akampa pole.

"Basi, mzee, nieleze utaratibu wa hapa," alisema Jenifa. "Mtu akidai kaburi na jirani akawa na shaka, mnathibitishaje?"

Mzee Margwe akaacha kucheka. Hapo palikuwa mahali pa kuacha kucheka. "Mtoto wa kiume wa ukoo anashika udongo wa kaburi mkononi, anamtaja aliyelala. Akisema kweli, anaurudisha. Akisema uongo..." Akakuna kidevu. "Hakuna aliyewahi kusema uongo, mtendaji. Watu wanaogopa. Kaburi lililotajiwa mtu asiyekuwamo litamtafuta wa kumweka."

Macho yote yakahamia kwa Hermani.

"Nenda, mwanangu," alisema Mama Hermani. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nenda ushike, tumalize."

"Mama."

"Nimekulea peke yangu toka una miaka sita. Nimekuomba kitu gani kikubwa? Ukataze huyu asije kupitisha magurudumu yake mbele ya macho yangu kila asubuhi. Shika, sema jina la bibi yako, twende tukanywe chai."

Hermani akasogea mpaka kwenye mawe. Alikaa pale kwa muda mrefu, mrefu kiasi kwamba mbuzi mmoja aliona mkutano umekwisha akapanda juu ya pikapu. Halafu akainama. Mkono wake wa kulia ukashuka kwenye udongo.

"Hermani, usishike!"

Ilikuwa sauti ya Marieta, lakini haikuwa ile ya ofisini. Ilitoka kama ya mtu aliyeona mtoto anakaribia kisima. Hata yeye mwenyewe ilimshtua.

Hermani akabaki ameinama. "Kwa nini nisishike?" aliuliza taratibu.



"Ndiyo, kwa nini asishike?" akauliza Gerald, kalamu juu.

Marieta alikuwa na jibu na hakulitoa. Halikuwa lake la kulisema; lilikuwa la Hermani. Alimtazama Hermani tu, na safari hii Hermani hakuwa na yale macho ya kuomba radhi. Akasimama wima, akapangusa mkono kwenye suruali ingawa haukugusa kitu.

"Kwa sababu hapa hakuna mtu," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kona. "Hapa kuna ng'ombe. Alikufa kwa kimeta. Mimi na Marieta tulimzika. Bibi yangu kazikwa Masieda kanisani, na Mzee Margwe alibeba jeneza. Ile barua ya maji nayo ilikuwa uongo. Nilisaini kwa sababu niliogopa machozi ya mama, na tangu nisaini sijalala. Andika yote hayo."

Kitongoji, ambacho kilikuwa kimebana kicheko kwa robo saa, kikapasuka. Kuna aliyecheka akaangukia mtaroni. Gerald peke yake hakucheka. Alikuwa akihangaika kufuta jina la marehemu.

"Basi vizuri," akasema hatimaye. "Kama si kaburi la mtu, pingamizi limekufa. Dada, kibali chako..."

"Hapana," alisema Marieta.

"Hapana nini?"

"Hapachimbwi. Vijidudu vya kimeta vinaishi ardhini miaka mingi. Ukichimba karavati hapo unavitoa, na ng'ombe wote wa Daudi wanapita barabara hii. Mimi ndiye afisa mifugo. Nakataa."

"Lakini ombi ni la kwako!"

"Najua."

"Juu kuna kona, chini kuna daraja. Sina mahali pengine pa kukupa."

"Nalo nalijua. Andika limekataliwa."

Kicheko kikafa. Sasa ndipo watu walipoelewa kwamba yule dada amejinyonga kwa kamba yake mwenyewe, na kaifunga vizuri.

Mama Hermani alikuwa bado amesimama pale alipoachwa na uongo wake. Aibu ilimfika, lakini hakuwa mwanamke wa kuionyesha; aliishika kama anavyoshika mtu jogoo, kwapani. Akatembea polepole na fimbo yake, hatua kwa hatua, mpaka mbele ya Marieta.

"Ulijua toka mwanzo kuwa ni yule ng'ombe."

"Nilijua, mama."

"Ungenyamaza angeshika. Angesema uongo, mimi ningeonekana mshindi, na wewe ungeondoka unajua kuwa umekoswa na mjinga. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Ulitaka hivyo?"

"Nilitaka kusikia atasema nini."

"Sasa mbona ulipiga kelele?"

Marieta akageuza uso pembeni. "Ana mchubuko kidoleni. Kidole cha shahada, kwa ndani. Udongo ule haushikwi na mtu mwenye kidonda."

Mama Hermani akamgeukia mwanawe, akamshika mkono, akaufunua. Ulikuwepo, mdogo kama punje ya mtama. Aliutazama. Akaupima kwa macho umbali wa kutoka kwenye mawe mpaka kwenye pikapu, Marieta alikosimama. Asubuhi ile yeye ndiye aliyemkabidhi mwanawe kikombe cha uji, mkono kwa mkono, na hakuuona.

"Mama," alisema Hermani, "apite kwetu."

"Wapi?"

"Langoni kwetu. Lina karavati, lina kibali. Tukitoboa ua wa minyaa nyuma ya zizi, tunatokea uani kwake."

Gerald akafufuka. "Inaruhusiwa! Njia ya pamoja. Mwenye ardhi akiridhia tu, natoa leo."

"Mwenye ardhi ni mimi," alisema Mama Hermani.

"Na mimi siombi," alisema Marieta. Sauti ya ofisini ilikuwa imerudi. "Sikujenga ili nionewe huruma. Na kwetu Gehandu lango la watu halipitwi kila siku na mtu asiye na jina kwenye boma hilo. Mimi kwenu nina jina gani?"

Swali halikuwa la umati. Hermani akavaa kofia yake, akaivua tena.

"Mama, nakwenda Gehandu kwa baba yake Marieta," akasema. "Si kwa kuomba ruhusa yako, ila nakuambia ili ujue. Ukipenda tutakwenda wote. Usipopenda, nitakwenda na Mzee Margwe."

"Mimi niko tayari tangu jana," alisema Mzee Margwe. "Wale watu wana pombe ya asali."

"Huyu?" Mama Hermani aliruka. "Huyu ndiye umpeleke ukweni? Atamaliza mtungi kabla salamu hazijaisha! Ataanza na habari za ng'ombe mwenye watoto watano! La, kama ni kuaibika, tuaibike na mtu mwenye meno." Akakung'uta shuka. "Nitakwenda mwenyewe." Halafu, bila kumtazama Marieta: "Baba yako anapenda nini?"

"Tumbaku ya kunusa. Na mtu asiyezunguka maneno."

"Ya kwanza itapatikana."

Kona za mdomo wa Marieta zilisogea. Hermani aliziona, na alizihesabu kuwa mbili.

Gerald, ambaye alikuwa na vijiji viwili zaidi vya kupima siku hiyo, alikwisha kutandaza fomu ya ridhaa juu ya boneti la pikapu. Mbuzi akafukuzwa. Mama Hermani akaweka dole gumba lake, akalikandamiza kama anafunga mlango, au pengine kama anaufungua. Kwa dole gumba huwezi kujua.

"Imebaki sehemu moja," alisema Gerald. "Uhusiano wa mwombaji na mwenye ardhi. Mpangaji, ndugu, jirani, au nini?"

Hermani alimtazama Marieta, na Marieta, kwa mara ya kwanza mwaka ule, hakugeuza uso. Walitazamana mpaka Jenifa akaona aibu akaanza kukagua tairi.

"Isipojazwa haipokelewi," Gerald akakumbusha.

Marieta akanyoosha mkono, akaichukua kalamu ya Gerald. Akaandika neno moja, kwa mwandiko wake wa vyeti vya chanjo, akamrudishia. Gerald akarekebisha miwani.

"Unashughulikiwa," akasoma.

"Kaandika nini?" aliuliza Mama Hermani.

"Kaandika kwamba uhusiano unashughulikiwa, mama."

Mama Hermani aliliwaza neno hilo, akilipindua kama anavyopindua mtu kichwa cha saumu kutafuta kilichooza. Hakukiona. Akagonga boneti kwa fimbo.

"Mwambie aweke na tarehe," akasema. "Mambo ya ofisi bila tarehe, watu huzeeka."